Mawifi wa Mlingoti Mmoja

Kashindye alipanda mlingoti kabla hajajua kwamba mlingoti ni mchezo. Ilikuwa asubuhi ya mgambo, Iringa, mwaka wa sabini na nne. Kamba ya bendera ilikuwa imenasa kule juu, mkufunzi anaitukana, na wanaume waliokuwa mstarini wanatazamana kila mmoja akimngoja mwenzake. Kashindye akavua raba, akaupanda ule mlingoti kwa miguu mitupu, akainasua kamba, akateremka na kurudi kwenye nafasi yake. Mkufunzi hakumshukuru. Alimwambia avae raba.

Aliyemshukuru alikuwa mtu wa pembeni. Yunusu, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa anapita na baiskeli yake akasimama kutazama. Miaka ya nyuma serikali ilikuwa imempeleka ng'ambo kujifunza sarakasi, na aliporudi akawa anafundisha kikundi cha mkoa kwenye ukumbi wa mjini, jioni, akimaliza kuchomelea. Mgambo ilipovunjika alimfuata Kashindye barabarani.

"Dada, samahani. Wewe wa wapi?"

"Usangu. Baba yangu Nkuba, yuko upande wa Igawa na ng'ombe zake."

"Na hapa mjini?"

"Nimeolewa Mlandege. Kwa Selemani, dereva."

Yunusu alipangusa usukani wa baiskeli ambao haukuwa na vumbi.

"Basi Mwamvita ni wifi yako."

"Ndiyo."

"Kazi ipo," alisema Yunusu. Hata hivyo alimwambia aje ukumbini Jumatano.

Mwamvita ndiye aliyekuwa mlingoti wa Iringa. Watu walisema hivyo hasa, kwamba Mwamvita ni mlingoti. Kule ukumbini Yunusu alikuwa amesimamisha bomba la chuma kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, amelikaza kwa waya na kulizungushia mpira wa tyubu za lori ili ngozi ipate kushika. Mwamvita alilipanda kama mtu anayekwenda chumbani kwake. Alikuwa na uwezo wa kulala hewani ubavu, mikono imeshika bomba, miguu imenyooka kama bendera kwenye upepo, na uso wake usionyeshe kitu. Alikuwa binti mkubwa wa marehemu muuza vitambaa ambaye babu yake alitoka Kilwa. Aliolewa Dodoma, akaachika, akarudi kwenye nyumba ya baba yake, na tangu hapo nyumba ile ilikuwa chini ya ulimi wake.

Selemani, mdogo wake, aliendesha lori la mizigo la kwenda Zambia. Alikutana na Kashindye Igawa, akinunua maziwa kwa mama zake huyo msichana. Alipomleta nyumbani kama mke, Mwamvita hakugomba wala kulia. Alimtazama yule msichana mrefu wa Kisukuma mwenye chale shavuni, akamwambia Selemani, "Umeleta mgeni." Kuanzia siku hiyo hakumwita jina lingine. Mgeni amechota maji? Mgeni ameunguza mboga. Selemani alikuwa safarini kwa majuma, na akirudi alikuwa anataka kulala tu.

Kashindye alipoingia ukumbini Jumatano ile, Mwamvita alikuwa juu ya bomba. Aliteremka polepole, akachukua kanga yake, akajifunga.

"Nani kamwita?"

"Mimi," alisema Yunusu.

Mwamvita akamgeukia Kashindye. "Nyumba umeingia. Mdogo wangu umemchukua. Sasa umefuata na mlingoti."

"Mimi nimeitwa, wifi."

"Mlango uko wazi. Ulivyoingia ndivyo unavyotokea."

Kashindye hakutoka. Jioni ile alipanda mara nyingi, kila mara akiteleza, na aliporudi nyumbani ngozi ya ndani ya mikono na nyuma ya magoti ilikuwa imechubuka. Alikoga kwa maji ya chumvi, akauma meno asije akasikika.

Juma lake lilikuwa limejaa tangu zamani. Alfajiri za Jumanne na Ijumaa zilikuwa za mgambo: mchakamchaka hadi mtoni na kurudi, wakiimba, ndipo aende kazini. Kazi yake ilikuwa kuchambua tumbaku kiwandani, na kiwanda kilikuwa na timu ya netiboli ambayo yeye alikuwa mlinzi wake, Jumatatu na Alhamisi. Siku zilizobaki zilikuwa za nyumba. Mwanzoni alifikiri ataubana mlingoti pale itakapopatikana nafasi. Yunusu alikataa.

"Huu si mchezo wa nafasi," alimwambia. "Ukiuacha juma zima, ngozi inasahau na unaanza upya kuumia. Nipe Jumatano, Jumamosi na Jumapili. Hizo nyingine fanya unavyotaka, lakini siku ya mlingoti usinijie umechoka."

Kashindye akapanga. Aliwaambia wenzake wa netiboli kwamba Alhamisi hatakuja tena, kwa kuwa baada ya Jumatano mikono haikuwa inadaka mpira. Kapteni wao, Regina, mwanamke mnene wa Kibena aliyepima tumbaku, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Timu siyo choo cha njiani, mtu anaingia akibanwa," alisema. "Ama uje zote mbili, ama usije."

"Basi sitakuja."

"Na wale unaowakimbilia huko, wanavaa suruali mbele za watu. Ujue unakokwenda."

Kuhusu suruali Regina hakusema uongo. Huwezi kupanda bomba la mpira na kanga. Yunusu aliwashonea wanawake suruali nyeusi za kubana miguuni, na miaka ile ilitosha mwanamke kuonekana na suruali ya namna hiyo vijana wamzunguke barabarani na kumwuliza maswali ya maadili. Kashindye aliivaa ndani ya gauni. Mwamvita aliivaa wazi, akapita nayo katikati ya soko, na hakuna kijana aliyemsogelea.

Nyumbani vita havikuwa na kelele. Kila Jumatano ilipofika, Mwamvita alikuwa amekumbuka jambo. Mpunga wa wageni haujatwangwa. Mablanketi yamepata harufu. Shangazi anakuja kutoka Idodi, chumba kipakwe chokaa. Yeye mwenyewe alikwenda ukumbini kwa wakati wake, akimwacha Kashindye na kazi ambayo isingeisha kabla ya magharibi.

Kashindye alijibu kwa kuamka mapema. Siku ya mpunga aliamka majogoo hayajawika, akaburuta kinu mpaka chini ya dirisha la Mwamvita, akatwanga. Alitwanga kwa nguvu za mtu anayejenga mikono. Dirisha lilifunguliwa.

"Una wazimu?"

"Wageni wako watakula nini, wifi?"

Majirani walikuja kulalamika kwa Mwamvita, maana nyumba ni yake. Mpunga wa Jumatano haukutajwa tena. Badala yake Mwamvita akaanza kuficha ufunguo wa stoo, na Kashindye akaanza kuacha ndoo ya maji machafu mahali ambapo mtu anayetoka chumbani gizani angeikanyaga. Siku nyingine hawakusemeshana kabisa kuanzia asubuhi hadi siku inayofuata, wakapakuliana chakula kwa kusukumiana sahani.

Yunusu hakutaka kuyajua ya Mlandege. Mwaka uliofuata palikuwa na mashindano ya utamaduni Mbeya, mikoa ya nyanda za juu ikutane, na alikuwa na mchezo mmoja aliouweka moyoni. Mtu wa juu anafunga bomba kwa magoti, anajiachia kichwa chini kama popo, anamshika mwenzake mkono, na yule wa chini anaacha bomba kabisa, ananing'inia, anazungushwa. Mtu wa juu wa zamani alikuwa Tekla, lakini Tekla alimfuata mumewe Songea. Katika waliobaki, mwenye magoti ya kufunga hivyo alikuwa mmoja tu, Kashindye.

"Siwezi kumpa huyu mkono wangu," alisema Mwamvita.

"Basi Mbeya utakwenda kutazama," alisema Yunusu.

Mwamvita alikaa kwenye benchi mpaka wenzake walipoondoka. Kisha akasimama, akapaka mikono unga, akaenda kwenye bomba.

Hawakuzungumza wakifanya mazoezi. Walizungumza na Yunusu.

"Mwambie asinibane kucha."

"Mwambie akate kucha zake."

"Mwambie akininyanyua asivute kama anavuta ndama."

"Mwambie ndama ni mwepesi."

Yunusu hakufikisha lolote kati ya hayo. Alisimama chini akipiga makofi ya hesabu, na mchezo ukawa unakuja, pole pole, katikati ya chuki yao. Miili yao ilikuwa imeelewana kabla wao hawajapenda. Kashindye alijua kwa uzito wa kiganja kwamba Mwamvita amekunja tumbo na yuko tayari. Mwamvita aliacha bomba bila kutazama juu. Mchezo ukiisha, waliteremka, wakachukua kila mmoja njia yake, mmoja kupitia sokoni, mwingine kupitia msikitini, wakakutana tena mlangoni kwa nyumba moja.

Ni katika kumshika hivyo ndipo Kashindye alipogundua bega. Kila alipomzungusha, kitu fulani ndani ya bega la kulia la Mwamvita kiligonga, kama kijiti kinachovunjwa ndani ya nguo. Mwamvita hakulia. Lakini kiganja chake kililowa jasho ghafla, na jasho kwenye mchezo ule ni kifo. Siku ya tatu ya kuisikia ile sauti, Kashindye alimwambia Yunusu mbele ya kikundi chote.

"Bega lake bovu. Nikimshika mkono huo ataanguka."

Yunusu alimwita Mwamvita, akalibonyeza bega, na uso wake usioonyesha kitu ukaonyesha. Kuanzia hapo Yunusu aliamuru watumie mkono wa kushoto, na akamwondolea Mwamvita ule mchezo wa bendera, akampa msichana mwingine.

Usiku ule, jikoni, Mwamvita alimwambia Kashindye maneno machache.

"Ungeniambia mimi."

"Ungenisikia?"

"Umenivua nguo mbele za watoto."

Kashindye alitaka kusema kwamba alifanya hivyo ili asiue mtu. Lakini haikuwa kweli yote. Alifurahi pia, na Mwamvita aliiona ile furaha.

Selemani aliporudi kutoka Zambia juma lililofuata, alikula, akalala, na asubuhi, akifunga kamba za viatu, akamwambia mkewe, "Mbeya huendi."

"Kwa nini?"

"Nimesema."

"Nani kakwambia nini?"

"Mimi ni mume wako. Lazima niambiwe?"

"Nimekusikia," alisema Kashindye.

Selemani alidhani hilo ni jibu, akaondoka na lori lake kwenda Dar es Salaam kupakia. Siku ya safari Kashindye alifunga suruali yake nyeusi kwenye kanga, akatia ndani ya mfuko, akapanda gari la kikundi pamoja na wenzake. Bomba lilikuwa limelazwa katikati ya miguu yao. Mwamvita alikaa mbele na dereva.

Igawa magari yote husimama. Walishuka kula wali na maziwa mgando, na Kashindye alikuwa anawauliza wauzaji habari za baba yake alipoliona lori la Selemani limeegeshwa ng'ambo, limejaa, pua yake imeelekea Mbeya. Selemani alikuwa ameshamwona. Alivuka barabara, hakumsalimu mtu, akapanda kwenye gari la kikundi, akautoa mfuko wa mkewe na kuubwaga kwenye vumbi.

"Ingia kwenye lori."

"Siingii."

"Kashindye, usinifanye nikushike mbele ya watu wa kwenu."

Wauza maziwa waliacha kuuza. Yunusu alisogea, na Selemani alipomwona anasogea, uso ulimbadilika.

"Wewe kaa hukohuko. Na wewe nina maneno na wewe."

"Maneno gani, bwana Selemani?"

Hapo Mwamvita alishuka. Alipita katikati yao, akauokota mfuko, akaupangusa vumbi kwa kiganja.

"Rudi kwenye lori lako, Selemani."

"Dada, wewe ndiye uliyeniambia." Selemani alikuwa anamtazama kama mtu aliyepotezwa njia na ramani. "Wewe mwenyewe uliniambia habari za huyu na Yunusu."

"Nilikuambia. Sasa nakuambia mwache."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kesho nina mchezo na sina mtu mwingine wa juu."

Akaurusha mfuko garini. Selemani alisimama pale barabarani, watu wakimtazama, mpaka dereva alipowasha gari. Kashindye alipanda. Yunusu, aliyekuwa amekaa karibu naye, alihama akaenda kukaa nyuma kabisa.

Mashindano yalifanyika uwanjani, ardhi imekauka na ngumu, upepo wa Mbeya ukipuliza vumbi kwenye macho ya wapiga ngoma. Walisimamisha bomba katikati na kulikaza kwa waya ardhini, likawa linayumba kidogo juu. Magodoro ya kikundi yalikuwa mawili, ya sufi, yamelala pale chini kama vitambaa. Ilipofika zamu ya Iringa, ngoma zikaanza, wakapanda.

Kashindye alifunga magoti, akajiachia kichwa chini. Ulimwengu ukageuka: umati ukaning'inia juu, mbingu ikawa chini. Akaunyosha mkono. Mwamvita akaja kwa wa kushoto. Viganja vikashikana vifundoni, akaacha bomba, uzito wake wote ukashuka kwenye mkono wa Kashindye. Watu wakapiga vigelegele. Katika zile kelele hakuna aliyewasikia.

"Ulimwambia nini hasa?" aliuliza Kashindye.

"Zungusha."

"Nauliza."

"Nilimwambia unalala na Yunusu. Zungusha, watu wanatazama."

"Ni kweli?"

"Unajua si kweli."

"Utamwambia?"

Mwamvita aliinua uso. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama.

"Niachie basi, kama unaweza."

Kashindye aliliwaza. Hakujidanganya baadaye kwamba hakuliwaza. Aliwaza ardhi ile, aliwaza ndoo na funguo na miaka miwili ya kuitwa mgeni, akaona vidole vyake vinaweza kufunguka na watu wote wangesema jasho. Akavisikiliza vidole. Havikufunguka. Mikono yake ilikuwa imefundishwa kazi moja Jumatano, Jumamosi na Jumapili, na haikuwa inapokea amri nyingine. Akazungusha. Mwamvita akanyoosha miguu, akawa mwepesi, akaenda duara baada ya duara juu ya lile vumbi, na uwanja mzima ukasimama.

Nafasi ya kwanza walipewa wapiga ngoma wa Rungwe. Iringa ilipewa ya pili. Yunusu alikuwa anafungua waya za bomba Selemani alipotokea kutoka kwenye umati. Lori lake lilikuwa limewafuata. Alikuwa ametazama yote.

Mwamvita alimwendea kabla hajafika.

"Niliyokuambia juu ya mke wako na huyu fundi, niliyatunga," alisema, kwa sauti ya kawaida, Yunusu na Kashindye wakisikia. "Hakuna kitu. Na usidhani nimempenda. Sitaki siku moja aseme alinitoa maneno nikiwa nimening'inia mkononi mwake, ndiyo maana nayasema nikiwa nimesimama."

Akaondoka, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani.

Yunusu aliendelea na waya zake. Selemani alivua kofia.

"Nilidanganywa," alimwambia mkewe.

"Uliamini?"

Selemani aliizungusha kofia mikononi.

"Selemani, nakuuliza. Ulipoambiwa, uliamini?"

"Ni dada yangu."

Kashindye alitikisa kichwa taratibu, akaenda kusaidia kubeba bomba. Selemani alimsubiri karibu na lori mpaka jioni, lakini yeye alirudi Iringa na wenzake.

Hakurudi Mlandege zaidi ya kwenda kuchukua vyombo vyake. Alipanga chumba Kihesa, kwa mama mmoja wa Kihehe asiyeuliza mambo. Kazini aliendelea na tumbaku. Regina hakumsemesha. Jumanne na Ijumaa alikimbia mchakamchaka. Jumatano alikwenda ukumbini, na Mwamvita alikuwa pale, bega limefungwa kitambaa, na Yunusu aliwaambia kuna mchezo mpya.

"Mimi na huyu hatuelewani," alisema Mwamvita.

"Sikuuliza hilo," alisema Yunusu. "Pandeni."

Walipanda. Walipanda msimu ule wote. Sokoni walipishana kama watu wa miji miwili.

Selemani alikuja Kihesa mvua za kwanza zilipoanza, amebeba nusu gunia la mchele wa Usangu begani. Mwenye nyumba alimfungulia mlango, akamtazama Kashindye, akaingia ndani kwake. Selemani alilitua gunia, akakaa kwenye kigoda, akazungumza habari za barabara na za baba mkwe aliyemwona Igawa. Kisha akauliza Kashindye atarudi lini nyumbani.

"Sirudi."

"Basi niwe nakuja hapa. Mimi ni mume wako."

Kashindye alikuwa anapaka mafuta ya nazi kwenye michubuko ya mikono. Aliendelea kupaka.

"Jumanne na Ijumaa nina mgambo," alisema. "Jumatano, Jumamosi na Jumapili nina mlingoti, narudi nimechoka, sitaki maneno. Alhamisi nafua. Uje Jumatatu, kama hauko safarini."

"Jumatatu tu?"

"Kwa sasa."

Selemani alitazama mlango, mvua ikiwa imeshika bati. Ilikuwa Jumamosi. Alisubiri kidogo, labda aambiwe anywe chai. Alipoona haambiwi, alisimama, akavaa kofia yake, akatoka.